Kamati ya Taa, Kamati ya Rangi

Taa ya kulia ya Pijo ya marehemu iliwaka kama jicho la mlevi aliyemwagiwa maji. Ya kushoto haikujisumbua kabisa. Fanuel Onsongo alipogusa swichi ya indiketa, taa zote za mbele zikaanza kukonyeza watu, na honi ikakoroma yenyewe, jambo ambalo gari lenye adabu halifanyi mbele ya waombolezaji.

"Yawa," akasema mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi kando ya hema. "Hata gari inalia."

"Hailii, mama. Ina shida ya waya."

"Ni sisi wote, baba," yule mama akajibu, akaendelea na viazi vyake.

Ilikuwa Jumatano, mjini Migori. Mwenye gari, Mwalimu James, alikuwa mochari akingoja Ijumaa, siku ya kupelekwa nyumbani kwao Rangwe, upande wa Homa Bay. Pijo 404 yake, iliyozeeka pamoja naye na kukohoa pamoja naye, ilikuwa imepangiwa kutangulia msafara. Na msafara wa maiti kwenye barabara zetu huenda na taa kubwa zimewashwa mchana kweupe, jua likiwa linachoma utosi. Hakuna anayejua nani alianzisha. Lakini gari la marehemu mwenyewe likitangulia huku limefumba macho, hiyo ni aibu ya bwana harusi kuingia kanisani na soksi bila viatu.

Kwa familia ingekuwa aibu ya siku moja. Kwa Fanuel ingekuwa ya maisha, na sababu ni jina.

Miaka miwili nyuma, Mwalimu James aliondoka Migori jioni, taa zikamzimikia karibu na Awendo, na Pijo ikaingia kwenye shamba la miwa kama ng'ombe aliyesikia harufu ya molasi. Mwalimu hakuumia. Alitoka kwenye miwa akiwa amekasirika tu, na alipoulizwa ni fundi gani aliyeshika gari lake mwisho, akasema Fanuel. Kuanzia siku hiyo, kila alipomwona sokoni alipaza sauti: "Giza! Hujambo, Giza?" Mwalimu alikuwa amefundisha nusu ya mji ule, na sauti yake ilifika mpaka madarasa ya nyuma. Nusu ya mji ikaanza kumwita Fanuel Giza. Nusu nyingine ikajiunga kwa kuona wenzao wanafurahia.

"Nilitengeneza honi!" Fanuel alikuwa akieleza kila mtu. "Honi! Taa sikuzigusa!"

"Sawa, Giza," watu walimjibu.

Alikuwa ametoka Kisii akiwa kijana, wakati kila mwenye koleo alikuwa akikimbilia Osiri na Masara kuchimba dhahabu. Yeye aliangalia yale mashimo, akaangalia pikapu za wachimbaji zilivyokuwa zikizimika njiani, akaamua kwamba dhahabu yake iko kwenye waya. Akafungua kibanda karibu na barabara ya Isebania, akaandika juu ya mlango kwa herufi kubwa: MWANGA, FUNDI WA TAA NA WAYA ZA MAGARI. Ndoa ikaja, watoto wakaja, uzee wa kanisa ukaja. Na baada ya haya yote, Sabato moja mchungaji alimwita mbele atoe sadaka ya shukrani na kumtaja, mbele ya kwaya mbili, Mzee Giza. Hata Emmah, mke wake, alilitumia jina hilo akiwa na hasira, na Emmah si mtu wa kukosa hasira.

Mwalimu alikufa bila kulifuta. Kwa hiyo Mama Edith, mjane, alipompigia simu na kusema, "Fanuel, taa za Mwalimu ni wewe," Fanuel alijua kabisa anachokabidhiwa. Magari arobaini yangeifuata ile Pijo, na karibu kila mwenye gari Migori angekuwa kwenye msafara huo. Taa zikiwaka kutoka mochari hadi Rangwe, jina la Giza lingezikwa pamoja na aliyelizaa. Zikizima, angehama. Alikuwa tayari amefikiria Kehancha.

Sasa, msiba wa Mwalimu ulikuwa na kamati. Palikuwa na kamati ya chakula, kamati ya hema, kamati ya usafiri, kamati ya maua, kamati ya nyimbo, na kamati ya kusimamia kamati. Pijo peke yake ilikuwa na mbili. Kamati ya Rangi ilikuwa ya kaka wa marehemu, na mtendaji wake alikuwa Okari, mpiga rangi mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Kamati ya Taa ilikuwa ya Mama Edith, na wanachama wake walikuwa Fanuel na binamu mmoja aliyekuwa bado Nairobi, ambaye kazi yake ilikuwa kutuma ushauri kwenye kundi la WhatsApp. "Angalieni fyuzi," binamu aliandika kila asubuhi, kama mtu anayetuma mstari wa Biblia.

Mwenyekiti wa kamati zote alikuwa mstaafu wa ushirika, mtu wa koti na kalamu tatu mfukoni. Jumatatu kamati ya chakula na kamati ya hema nusura zipigane kwa sababu ya mahali pa kuweka sufuria, naye akatoa amri: kamati isiongee na kamati. Mwenye neno alilete kwake, yeye atalifikisha. Amri hiyo ilileta amani kubwa na ndiyo iliyotaka kumwua Fanuel.

Jumanne Okari alikuwa ameipaka Pijo rangi nyeupe. Aliipaka nje, akaipaka ndani, akaipaka chini ya boneti mahali ambapo hata inzi hawendi. Betri tu ndiyo ilinusurika, kwa kuwa ilikuwa imepelekwa kuchajiwa.

Jumatano hiyo Fanuel akaanza na balbu, kama fundi yeyote. Akaenda dukani kwa Abdisalam, muuza vipuri aliyetoka Garissa na kuoa spea.

"Giza! Karibu sana!"

"Jina langu ni Fanuel."

"Najua. Karibu, Giza."

"Nipe balbu za 404. Orijino."

Abdisalam akapanda ngazi, akashuka na kiboksi chenye vumbi la serikali tatu. "Wallahi, hii ilikuja na Mfaransa mwenyewe."

"Mbona haina maandishi?"

"Yalikuwepo. Yamefutika kwa ajili ya uorijino."

Fanuel akaweka balbu mpya. Taa ikawaka kama jicho la mlevi yule yule, ila sasa amenunuliwa miwani. Ndipo akakubali lililokuwa wazi: shida ilikuwa erthi.

Umeme ndani ya gari una tabia ya mgeni wa matanga. Kufika si kazi; kazi ni kurudi kwao. Huja kwenye taa kwa waya wake, vizuri kabisa, lakini kurudi kwenye betri hutumia mwili wa gari, lile bati lenyewe. Kwa hiyo kila taa ina waya mfupi mweusi uliofungwa kwa boliti kwenye bati, na hapo ndipo mafundi wanapaita erthi. Rangi ikiingia kati ya waya na bati, umeme hukosa njia ya kurudi, ukaanza kubisha kwa majirani: unapitia kwa indiketa, unapitia kwa honi, na kila mlango unafunguliwa kidogo tu. Ndiyo maana Pijo ilikuwa ikikonyeza na kukoroma.

Fanuel akafungua boliti ya kwenye madigadi ya kulia, lile bati la juu ya gurudumu, ambapo waya za erthi za taa zote mbili zilifungwa pamoja. Chini yake, rangi ya Okari, laini kama maziwa. Akachukua sandipepa akakwangua mpaka bati likang'aa, na kwa kuwa alikuwa na hasira akakwangua kwa ukarimu, doa la ukubwa wa kiganja. Akafunga boliti, akawasha.

Mwanga ukapiga ukuta wa jikoni, na mama wa viazi akainua mkono kuziba macho.

Mama Edith akatoka nje akiwa na leso begani. Akaangalia ukuta. "Hizo sasa ni taa," akasema. "Mwalimu angeona hizi."

"Angesema nimeziharibu, mama."

Edith akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze, mpaka akakaa kwenye kiti cha plastiki. Fanuel akaenda nyumbani akiimba.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mwenyekiti. "Giza. Taa zako zimekufa."

"Haziwezi kufa. Nilizifufua jana watu wakiona."

"Basi zimekufa tena. Njoo."

Akaacha pikapu ya mteja ikiwa imefunuliwa matumbo, akapanda boda. Pijo ilikuwa palepale, nyeupe, tulivu, na jicho la mlevi limerudi. Fanuel akashika boliti ya erthi akaijaribu kwa spana. Imekaza. Na hapo akafanya kosa ambalo mafundi hodari tu ndio hulifanya: hakuifungua. Hapo si alikuwa amepatengeneza yeye mwenyewe, jana, kwa mikono yake? Mtu mwenye akili harudii kukagua kazi ya fundi mzuri, na Fanuel hakuwa akimfahamu fundi mzuri kumshinda Fanuel.

Akakagua kwingine kote. Akatoa fyuzi, akazirudisha. Akaingia chini ya usukani, miguu nje, akavuta waya ambazo hazikuwa zimeguswa tangu Mwalimu akiwa na nywele. Akabadilisha swichi. Na kwa kuwa hakuna kazi inayovuta watu kama mtu aliyelala chini ya gari, watu wakaja.

"Ni panya," akasema mmoja. "Kwetu panya walikula waya ya kombi nzima."

"Si panya. Ni Mwalimu amekataa," akasema mwingine kwa sauti ya chini ambayo ilisikika mpaka barabarani. "Mnajua alivyokuwa. Kama hataki kwenda, hataki."

"Anakataaje na tumeshachimba kaburi?"

"Mkumbuke pia ni Giza ameshika hiyo gari."

Fanuel akagonga kichwa kwenye usukani akijaribu kuinuka amjibu. Kabla hajamaliza kujisugua, kina mama wa kamati ya nyimbo wakaizunguka Pijo wakaanza kuimbia taa. Waliimba vizuri, kwa sauti tatu. Alipowaomba wanyamaze kidogo asikie kama rilei, kile kiswichi cha ndani cha taa, inalia, kiongozi wao akamwuliza kama yeye haamini.

"Naamini, mama! Mimi ni mzee wa kanisa!"

"La Sabato," yule mama akasema kwa huruma, wakarudia ubeti wa kwanza.

Alasiri akachukua testa yake, balbu ndogo yenye waya mbili, akaweka mmoja kwenye betri na mwingine kwenye mwili wa taa. Balbu haikuwaka. Maana yake erthi imekufa. Erthi imekufa, na boliti imekaza! Fanuel akasimama akaikodolea macho ile madigadi kama mtu anayetazama mtoto wake akikana jina lake. Mwishowe akajiambia ni bati. Bati la zamani hilo limechoka, limeoza kwa ndani, halipitishi kitu. Akavuta waya mwingine mpaka madigadi ya kushoto, akakwangua huko doa lingine, kubwa kuliko la kwanza, akafunga.

Taa zikalipuka. Kamati ya nyimbo ikapiga vigelegele na kuchukua sifa zote.

"Mwenyekiti," Fanuel akasema akifuta jasho, "nina neno la kufikisha. Kuna adui. Kuna mtu anaingilia waya zangu."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa uzito. "Ninajua. Hata Kamati ya Rangi imeleta malalamiko. Kuna mtu anakwaruza gari."

"Anakwaruza?"

"Usiku, watu wakilala. Rangi mpya kabisa! Watu wana roho mbaya."

"Watu ni wabaya," Fanuel akakubali kwa moyo wote.

Mwenyekiti akachukua malalamiko yote mawili, akaona yanafanana, akafanya anachojua kufanya: akaunda kamati ya tatu. Kamati ya Usalama ilikuwa mtu mmoja, Kerosi, mlinzi wa duka la mabati, mwenye rungu, tochi na koti la mvua. Akaambiwa alinde Pijo, asikaribie mtu yeyote asiye wa kamati. Kerosi akapiga saluti.

Ijumaa saa mbili asubuhi Fanuel alifika amevaa shati la kanisani na tai. Maiti ingetolewa mochari saa nne. Magari yalikuwa yameanza kujipanga nje ya lango. Kerosi alikuwa kwenye kiti chake kando ya Pijo, macho mekundu, rungu gotini.

"Kulikuwa salama?"

"Salama kabisa, mzee. Hakuna adui amefika."

Fanuel akaingia, akavuta swichi.

Jicho la mlevi.

Sauti aliyoitoa haikuwa neno katika Kigusii, Kijaluo wala Kiswahili, lakini walioisikia wote waliielewa. Kina mama wakaacha kuosha sahani. Akatoka, akafungua boneti kwa nguvu, akaegemea madigadi ya kushoto kwa mkono mmoja ili asianguke, akafumba macho akaomba Mungu ampe uvumilivu au radi, lolote litakalotangulia.

Alipofungua macho, mkono wake ulikuwa umenata. Akauvuta. Kiganja kizima kilikuwa cheupe.

Rangi mbichi.

Akainama. Pale alipokwangua jana hapakuwa na doa. Palikuwa na weupe mtupu, laini, wa kupendeza, na boliti imefungwa juu yake kwa unadhifu wa mtu anayeipenda kazi yake. Akaenda madigadi ya kulia, akaifungua ile boliti ambayo jana fahari ilimzuia kuifungua. Chini yake, maziwa matupu.

"Kerosi."

"Naam, mzee."

"Nani amegusa hii gari leo?"

"Hakuna adui, mzee."

"Sijauliza adui. Nani amegusa?"

"Okari tu. Alikuja alfajiri na kopo lake. Ameniambia huja kila alfajiri. Anasema kukitulia hivyo vumbi halishiki rangi."

"Na ukamwachia?"

"Yeye ni wa kamati," Kerosi akasema, akionekana kuumizwa na swali. "Hata wewe ungekuja usiku kukwangua nisingesema kitu. Wewe ni wa kamati. Mimi niliambiwa nizuie mtu asiye wa kamati."

Okari alikuwa nyuma ya hema akinywa chai ya maziwa na mandazi, brashi sikioni kama kalamu. Kwa kawaida mchana angekuwa Masara akipaka pikapu za wachimbaji, lakini leo alikuja kuiona kazi yake ikitoka. Alimwona Fanuel akija na kiganja cheupe mbele kama askari wa trafiki, na akaruka juu.

"Ni wewe!" Okari akapiga kelele. "Ni wewe unaweka mkono kwa rangi yangu!"

"Ni wewe unaziba erthi yangu!"

"Kila siku napata gari imechunwa kama mbuzi! Kila siku! Nikasema huyu ni mchawi. Kumbe ni Giza!"

"Nilikwangua ili umeme upite! Wewe ni mtu gani wa kupaka rangi chini ya boliti?"

"Mtu anayemaliza kazi! Wewe unataka niache kidonda kwa gari ya Mwalimu? Watu wa Homa Bay wafungue boneti waseme Okari alipaka nusu?"

"Nani anafungua boneti matangani?"

"Wewe! Umefungua siku tatu!"

Mwenyekiti akafika mbio, kalamu zikiruka mfukoni. "Kamati isiongee na kamati!" akasema kwa mazoea. Kisha akaangalia kiganja, akaangalia kopo la rangi, akaangalia wale wawili, na ikaonekana wazi kwenye uso wake kwamba adui wa msiba ule wote alikuwa amri yake mwenyewe. Mwenyekiti mzoefu hafi kwa jambo dogo kama hilo. "Basi," akasema, "naunda kamati ya pamoja. Nyinyi wawili. Mna saa moja na nusu." Akaondoka kwa haraka kwenda kusalimia mtu ambaye hakuwepo.

Fanuel akatoa sandipepa mfukoni.

"Ukikwangua," Okari akasema, "napaka. Nakwambia mbele ya mashahidi. Na hiyo rangi haikauki kabla ya saa nne. Itamwagika kwa boliti yako, utajua hujui."

"Okari, ndugu yangu. Taa zikizima njiani mimi nimekwisha. Unanisikia? Nimekwisha Migori."

"Na gari ikienda na doa mimi nimekwisha Masara. Sisi wote tuna majina."

Nje ya lango dereva mmoja alikuwa amewasha injini na kupiga honi, na wengine thelathini wakamjibu. Fanuel alijihisi akitaka kulia, au kumpiga mtu kwa spana namba kumi, na akagundua kwamba hana muda wa chochote kati ya hivyo viwili.

"Hakuna mahali popote," akauliza kwa unyonge, "popote kwa hii gari, ambapo hukupaka?"

Okari akakuna kidevu. Swali lilimgusa pabaya. Akatazama huku na huku kama anayeungama dhambi. "Chini," akanong'ona. "Kwa fremu, nyuma ya radieta. Brashi haikufika. Usimwambie mtu."

"Ulikuwa unajua tangu Jumanne?"

"Hukuuliza!"

"Tumekatazwa kuongea!"

"Basi usinilaumu!"

Fanuel akavua tai, akalala chali kwenye nyasi na shati lake la kanisani, akajisukuma chini ya Pijo. Okari akalala upande wa pili akimshikia tochi ya Kerosi, akimwonyesha kipande cha chuma kilichobaki cheusi na chenye kutu, kitu kibaya kuliko vyote kwenye gari lile, na Fanuel hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Akavuta waya mnene mmoja kutoka betri mpaka pale, akaleta waya za taa zote mbili hapo hapo, akapiga boliti mpaka ikalia.

"Washa," akaita kutoka chini.

Kerosi akavuta swichi. Kina mama wa viazi wakapiga kelele, wakiziba macho. Okari akatoka kwanza, akakagua madigadi zote mbili, akapuliza jani moja lililotua kwenye rangi, na ndipo akamnyoshea Fanuel mkono kumwinua.

Msafara ukatoka saa tano, kwa sababu ulipangiwa saa nne. Pijo mbele, gari la maiti nyuma yake, na mkia wa magari usioonekana mwisho. Mpwa wa marehemu alikuwa kwenye usukani, na Fanuel kando yake, testa mkononi, mgongo wa shati ukiwa wa kijani. Kutoka mbele hakuweza kuziona taa zake mwenyewe, na hilo lilimtesa mpaka walipopita soko la kwanza. Hapo mtu wa boda aliyekuwa akija upande wa pili akanyosha mkono akawa anafunga na kufungua vidole: taa zako, mzee, umesahau taa. Fanuel akampungia kama mbunge. Kila aliyekutana nao alifanya vile, na kila mmoja alimtuliza kidogo. Penye miwa ya Awendo mpwa akapunguza mwendo. Fanuel akanyosha mkono mbele ya dereva akabonyeza honi, ndefu. Ilikuwa honi nzuri sana.

Rongo wakakata kushoto kuelekea Homa Bay, na kufikia alasiri Pijo ikaingia boma la Rangwe, taa zikiwaka, ikazunguka nyumba polepole kama desturi ilivyotaka, na umati wote ukageuka na mwanga wake. Mama Edith alishuka kwenye gari la nyuma, akapita mbele ya zile taa, akasimama hapo kitambo, mwanga ukimpiga magotini. Fanuel akaona kwamba imetosha. Jina limekwenda. Alisubiri tu jeneza liingizwe ndani, kisha amtafute mtu wa kumpeleka Homa Bay mjini kwa dada yake kabla ya jua kutua na Sabato kuingia.

Ndipo mshereheshaji akapata kipaza sauti.

"Ndugu zangu," akanguruma, na spika zikapeleka mpaka ng'ambo ya mto. "Kabla ya maombi. Mnaona ile gari? Mnaona zile taa? Mwalimu alituambia miaka miwili kuna fundi Migori hawezi taa. Leo huyo fundi amemleta Mwalimu nyumbani kwa mwanga! Asimame tumwone! Anaitwa nani, Mwenyekiti? Giza! Giza, simama!"

"Fanuel," Fanuel akasema, lakini hakuwa na kipaza sauti.

"Giza! Giza! Giza!" watoto wakaitikia, kisha kina mama wa kamati ya nyimbo, kwa sauti tatu. Watu mia nane ambao asubuhi ile hawakumjua wakapiga makofi. Kaunti nzima ambayo ilikuwa bado haijalisikia lile jina ikawa imelisikia, na kwa sifa. Okari alikuwa akicheka mpaka brashi ikaanguka sikioni.

Fanuel akasimama, akapunga mkono mweupe, akakaa. Jua lilikuwa limeshuka juu ya vilima upande wa ziwa. Mtu mnene mwenye kofia ya lori akaja akachuchumaa mbele yake.

"Wewe ndiye Giza?"

Fanuel alifikiria Emmah, na mchungaji, na Abdisalam juu ya ngazi yake. Alifikiria Kehancha, na akaona kwamba hata huko wangekuwa wameshapigiwa simu.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Asante Mungu. Mimi nina lori hapo Homa Bay inabeba samaki. Nikikanyaga breki, waipa za kioo zinatembea. Nikiwasha indiketa, redio inazima. Mafundi wanne wameshindwa, mmoja amesema nimerogwa. Unaweza kuja kesho?"

"Kesho ni Sabato. Jumapili."

"Jumapili asubuhi, basi. Hata bado sijakwambia ilianza aje..."

"Usiniambie," Fanuel akasema kwa uchovu, akiinuka na kujipangusa nyasi. "Niambie kitu moja tu. Ulipaka rangi lini?"